Binti wa Sultani na Kijana Bila Ngombe

Ndoa na cheo: yale walioandika Warusi wa zamani, yale yaliyotokea kando ya ziwa letu, na yale yanayotungoja nyumbani



Kijana akifika nyumbani kwenu kuposa, wazee wanauliza nini kwanza? Mara nyingi hawaulizi kama anasali, wala kama anampenda binti. Wanauliza: "Ule ni mutoto wa nani?" Halafu: "Iko na kazi gani?" Na mwisho, hata kama wanazunguka kidogo kwa heshima: "Ataleta ngombe ngapi?"

Maswali haya tunayajua tangu Sange mpaka Baraka, na katika migodi vilevile, kule Kamituga, Misisi, Likasi na Kolwezi. Tunafikiri ni mambo yetu sisi, mila ya mababu. Lakini watu wa mbali sana, wa nchi ya baridi na theluji, walisumbuliwa na maswali yale yale, na waandishi wao wakayatia katika vitabu vinavyosomwa mpaka leo. Na hapa kwetu, kando ya Tanganyika, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kulikuwa watu walioyajibu kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Tuanze mbali, halafu turudi nyumbani polepole.

MSICHANA ASIYE NA MALI

Katika karne ya 19, Urusi ilikuwa nchi ya vyeo. Kaisari Petro Mkuu alikuwa amepanga mwaka 1722 ngazi 14 za watumishi wa serikali na wakubwa wa jeshi, na kila mmoja alijua amesimama ngazi gani. Chini kabisa, nje ya ngazi zote, walikuwa wakulima waliofungwa kwa mashamba ya mabwana. Bwana aliweza kuwauza. Hata kuoa, hawakuoa bila ruhusa yake. Walipewa uhuru mwaka 1861 tu.

Kule mali ya ndoa ilifuata njia nyingine kuliko kwetu. Kwetu upande wa kijana ndio unaotoa. Kule baba wa msichana ndiye aliyetoa: feza, mashamba, nguo, vyombo vya nyumba. Binti wa maskini alikosa bwana, au alichukuliwa na mzee tajiri. Mwaka 1862 mchoraji Vasily Pukirev alionyesha jambo hilo katika picha moja kubwa: tuko kanisani, bibi-arusi ni kijana kabisa, macho yake yanatazama chini kama mtu aliyelia, na kando yake amesimama bwana-arusi mzee, mwenye nishani kifuani. Picha hiyo iko Moscow, na watu wanapita mbele yake mpaka leo.

Mwandishi Alexander Ostrovsky alitunga mwaka 1878 mchezo wa jukwaani juu ya Larisa, msichana mzuri asiye na mali ya kumtoa kwao. Matajiri wa mji wanapenda kukaa naye na kumsikia akiimba. Kuoa? Hapana. Ule anayempenda yeye, Paratov, mwenye meli, amekwisha kuchumbia msichana mwingine. Na unajua kwa nini? Kwa sababu baba wa yule mwingine anatoa migodi ya zahabu! Wafanya biashara wawili wanatupa sarafu hewani ili wajue nani atamchukua Larisa, si kama bibi, ila kama kitu cha kufurahisha safarini. Mwisho anapigwa risasi na mchumba wake mwenyewe, mtu wa cheo kidogo aliyechekwa na wote, ambaye hakuvumilia haya.

Wewe unayesoma gazeti hili karibu na kisima cha zahabu, je, hadisi hii ni ngeni kwako?

Leo Tolstoy naye alitoa kitabu chake juu ya Anna Karenina kati ya mwaka 1875 na 1877. Anna ameolewa na mkubwa wa serikali, mtu mwenye umri kuliko yeye. Ndoa yao ilipangwa na shangazi. Nyumba ni kubwa, watumishi wapo, heshima ipo, mapendo hayapo. Anna anamwacha bwana, anakwenda na askari kijana. Tolstoy hasifu dhambi hiyo. Lakini anatuonyesha jambo la kutufikirisha: yule mwanaume aliendelea kupokewa katika nyumba za wakubwa kama zamani, na mwanamke akafungiwa milango yote, hata asiweze kumwona mtoto wake kwa uhuru. Dhambi ya wawili, azabu ya mmoja. Mwisho wake ulikuwa chini ya magurudumu ya treni.

MWAFRIKA KATIKA KITABU CHA MRUSI

Sasa sikiliza jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwandishi anayependwa kuliko wote Urusi, Alexander Pushkin, alikuwa na damu ya Afrika. Babu wa mama yake aliitwa Ibrahim, au Abram Gannibal. Alitekwa Afrika akiwa mtoto, akapelekwa mpaka mji mkuu wa Waturuki, na kutoka hapo akaletwa Urusi mwaka 1704. Kaisari Petro Mkuu alimlea, akawa baba yake wa ubatizo, akampeleka Ufaransa kusoma. Yule mtoto mtumwa akaja kuwa mjenzi wa ngome na jenerali. Alikufa mwaka 1781.

Mwaka 1827 Pushkin alianza kuandika kitabu juu ya babu huyo. Katika kitabu, Kaisari mwenyewe anakwenda kwenye nyumba ya mkubwa mmoja wa zamani kumposea Ibrahim binti. Hebu fikiri: nani atamkatalia Kaisari? Lakini wazee wa nyumba wanalalamika chumbani kwa sauti ya chini: binti yetu, wa ukoo mkubwa hivi, apewe mtu mweusi aliyekuwa mtumwa? Na binti mwenyewe, ambaye moyo wake ulikuwa kwa kijana mwingine, anaposikia habari anaanguka na kushikwa na homa. Pushkin hakumaliza kitabu. Aliacha swali wazi: cheo alichopewa na mfalme kimempa Ibrahim heshima, je, kitampa pia mapendo nyumbani?

Katika maisha ya kweli jibu la kwanza lilikuwa baya. Gannibal alioa mwanamke wa Kigiriki ambaye baba yake alimlazimisha. Nyumba ile haikuwa na amani, na kesi yao ikaendelea miaka mingi. Baadaye alikaa na mwanamke mwingine, Christina, wakazaa watoto wengi. Kutoka kwa watoto hao ndipo alipotoka Pushkin.

Shika jambo hili, ndugu msomaji: mtumwa wa Afrika, aliyekosa ukoo, anaoa katika nyumba ya watu wa heshima. Sasa turudi ziwani.

ZIWA LILIPOKUWA NJIA YA WATUMWA

Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, walikuta soko la pembe za ndovu na la watumwa. Mitumbwi ilikwenda Ujiji, na kutoka Ujiji misafara ilitembea miezi mpaka pwani. Miaka ile watoto walitekwa Ufulero, Ubembe, Umanyema, Marungu, na kuuzwa kwa nguo na chumvi. Mpaka karibu na mwaka 1894, Rumaliza wa Ujiji na watu wake walikuwa na nguvu kubwa katika upande huu wa kaskazini wa ziwa.

Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879. Walifungua misioni kando ya ziwa pande zote mbili. Kwa upande wetu walianza Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakahamia Kibanga, karibu na Ubwari, katika nchi ambayo leo ni Fizi. Kusini walikuwa na Mpala na Karema tangu 1885. Walinunua watoto watumwa ili wawape uhuru, wakawafundisha, wakawalea. Watoto wakakua. Ndipo swali likaja: hawa wataoana namna gani?

Ili tuelewe uzito wa swali hilo, tukumbuke mahari ilikuwa nini kwa mababu. Mahari ilikuwa majembe, mbuzi, ngombe, nguo. Lakini kazi yake ilikuwa kubwa kuliko vitu hivyo. Mahari ilisema mbele ya watu wote: "Mwanamke huyu ana kwao. Ana baba, ana wajomba, ana ndugu. Ukimpiga, tutakuja. Akizaa, watoto wana koo mbili." Mwanamke mtumwa ndiye aliyechukuliwa bila mahari. Hakuwa na mtu wa kumtetea, watoto wake walikuwa wa bwana peke yake, na siku ya magomvi aliambiwa: "Utakwenda wapi?"

Kwa hiyo mahari ilikuwa alama ya mwanamke huru. Iliweka mpaka kati ya bibi na mtu aliyenunuliwa. Usisahau neno hili, tutalihitaji tutakapofika Uvira ya leo.

Kule misioni mapadri walisimama mahali pa baba na mjomba. Waliwaozesha vijana na wasichana waliowakomboa, wakawapa shamba na nyumba, na vijiji vya Wakristu vikaanza. Si yote yalikuwa mazuri: vijana hawakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua, na wenyeji wengine waliwadharau kama watu wa padri wasio na ukoo. Lakini mtu aliyeitwa mali akaanza kuitwa bwana na bibi, mbele ya altare na mbele ya mashahidi.

AGNES WAWILI

Katika miaka hiyo kando ya ziwa kulikuwa wanawake wawili wenye jina moja la ubatizo, Agnes. Ndoa zao zinatufundisha mengi.

Wa kwanza ni Agnes Atakae. Bwana wake alikuwa Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842. Kwao alikuwa askari wa Papa. Alifika Mpala mwaka 1887 kulinda misioni na vijiji kwa bunduki, na watu wake walipigana mara nyingi na wateka watumwa. Mwaka 1888 alimwoa Agnes, msichana Mwafrika, kwa ndoa ya Kanisa.

Labda utasema: ajabu iko wapi? Ajabu iko katika desturi ya Wazungu wa wakati ule. Maofisa wengi wa dola ya Kongo walichukua wanawake weusi, lakini waliwaita "menajeri", yaani wanawake wa kazi za nyumba. Mkataba wake wa Ulaya ukiisha, Mzungu alipanda meli, na mwanamke na watoto wakabaki. Joubert hakuficha bibi yake jikoni. Alimpa jina lake na pete mbele ya Kanisa. Hakurudi Ufaransa kuishi. Alibaki katika nchi ya Marungu, akalea watoto pamoja na Agnes, na kati ya watoto wao wakatoka mapadri. Alikufa huko karibu na Moba mwezi wa Mei 1927, mzee wa miaka 85. Alikuwa Mzungu na kapiteni, na alikuwa na bunduki. Bado aliona mwanamke wa nchi anastahili ndoa kamili, si nusu.

Wa pili ni Agnes Wansahira, wa Karema, ngambo ya ziwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Huyu alikuwa binti wa sultani wa Wabende. Na bwana wake? Alikuwa mtu aliyeuzwa utumwani. Adrien Atiman alizaliwa kama mwaka 1866 karibu na Timbuktu, mbali sana, upande wa magharibi wa Afrika. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa, akauzwa, mpaka mapadri wakamkomboa. Walimpeleka kisiwani Malta asomee uganga. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na mganga, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Tazama kijana huyo. "Ule ni mutoto wa nani?" Hakuna anayemjua baba yake. Kabila lake liko mbali, hata lugha yake hakuna wa kuisikia. "Ataleta ngombe ngapi?" Hana zizi, hana mjomba wa kumposea. Kwa hesabu ya cheo, alikuwa chini ya wote. Na bado binti wa sultani akawa bibi yake.

Atiman alitibu wagonjwa wa Karema kwa zaidi ya miaka 60, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Mtoto wao Joseph alipewa upadri mwaka 1923. Leo mtu akitaja Karema, jina la Atiman linakuja mara moja. Wale waliokuwa na ngombe nyingi mwaka 1889, nani anakumbuka majina yao?

Pushkin aliuliza swali, akaacha kitabu katikati. Mtu angesema jibu lake liliandikwa Karema.

BINTI WA MFALME ALIYEPOTEZA YOTE

Lakini tusidanganyane. Kuvuka mpaka wa cheo kuna bei, na mara nyingi anayelipa ni mwanamke. Unguja, katika miaka ile ile, kulikuwa Seyyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, binti wa Sultani Said. Mama yake alikuwa suria, yaani mwanamke aliyenunuliwa. Lakini kwa sheria ya pwani, mtoto wa suria na sultani ni mungwana kama wengine. Salme alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Alipokuwa na mimba, mwaka 1866, alikimbia kwa meli ya Waingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa na kuolewa siku moja, mwezi wa Mei 1867, kisha wakaenda Hamburg.

Miaka mitatu baadaye bwana wake alikanyagwa na tramu akafa. Salme akabaki mjane na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, bila ndugu. Alirudi Unguja mwaka 1885 na tena 1888 kudai urizi wake, hakupewa. Aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1886, na akafa Ujerumani mwaka 1924.

Binti wa sultani wa Karema alibaki karibu na watu wake. Binti wa sultani wa Unguja alikatwa nao kabisa. Ndoa inahitaji mapendo, ndiyo. Inahitaji pia watu wa kusimama nyuma yenu siku ya taabu.

UVIRA YA LEO, MGODI WA LEO

Sasa tumefika nyumbani.

Tangu vita vya mwaka 1996, zizi nyingi za bonde la Rusizi na za milimani zimebaki tupu. Ngombe zimeibiwa, zimeuawa, zimekimbizwa. Lakini katika orodha ya mahari, ngombe hazikupungua! Zimegeuka kuwa dola. Wazee wanahesabu: ngombe hizi kadiri ya feza hizi. Halafu wanaongeza kostimu ya baba, vikwembe vya mama na vya shangazi, mabati, simu. Wajomba wana mstari wao. Kijana anapewa karatasi kama ile ya dukani. Watu wanaiita "fakitire". Na binti akiwa na diploma, bei inapanda: "Tumemusomesha, feza zetu zitarudi wapi?"

Nani anaweza kulipa? Mwalimu ambaye mshahara wake unachelewa hawezi. Mvuvi wa Kalundu hawezi. Anaweza mchimbaji aliyeangukia filo nzuri wiki iliyopita. Anakuja na mfuko umejaa, analipa yote kwa siku moja, wazee wanapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kama ana bibi mwingine kule Misisi, na mwingine Kamituga. Filo ikikauka, naye hayuko. Zahabu ya Paratov na zahabu yetu ni ndugu.

Zamani, katika kambi za Union Minière na za kampuni nyingine, ndoa ilikuwa na cheo chake pia. Kampuni ilitaka mfanyakazi aliyeoa akae na bibi yake kambini, na hesabu ya posho ilifuata bibi na watoto. Msichana aliolewa na "mutu wa kampuni", na familia ikajivuna. Kampuni zilipoanguka, wengi walijifunza kwamba waliozesha binti kwa kazi ya mtu, si kwa mtu mwenyewe.

Na vijana walioshindwa fakitire wanafanya nini? Wanakaa tu pamoja, ile ndoa ya "yaka tofanda": kuja tukae. Hakuna mahari, hakuna baraka, hakuna karatasi ya serikali. Watoto wanazaliwa, watatu, watano. Hawakaribii Meza ya Bwana. Kila mwaka wanasema: "Mwaka ujao tutapanga."

Siku mbaya inafika kabla ya mwaka ujao. Mama anakufa kwa kuzaa, na maiti iko ndani ya nyumba. Ndugu zake wanakuja na kusimama mlangoni: "Hazikwi mpaka utoe mali yetu." Mwanaume anakopa ili aoe maiti. Au bwana ndiye anayekufa, na ndugu zake wanamwambia yule mwanamke: "Wewe ulikuwa nani hapa? Hatukutoa kitu kwenu." Anatoka na mfuko mmoja wa nguo.

Umeona jambo hilo? Mahari iliyowekwa na mababu ili mwanamke asiwe kama mtumwa, tumeipandisha juu mpaka wanawake wengi wanakaa bila mahari, na wanatendewa kama wale wa zamani wasio na kwao: "Utakwenda wapi?" Na wale waliolipiwa sana nao wanaambiwa: "Nilikununua." Kwa njia zote mbili tumerudi sokoni.

SHERIA INASEMA NINI?

Wazee wengi wanafikiri sheria ya nchi iko upande wa fakitire. Haiko hivyo. Kanuni ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi wa Julai 2016, inakubali mahari: ndoa haifungwi kama hata sehemu ya mahari haijatolewa. Lakini angalia neno hilo, "sehemu". Na tena sheria inasema mahari inaweza kuwa alama tu, hata kama mila inasema namna nyingine. Jembe moja na mbuzi mmoja, wazee wakikubali, zinatosha mbele ya sheria.

Sheria inasema pia kwamba bwana na bibi wote wawili wanapaswa kukubali wenyewe. Tangu 2016, hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa kabla ya miaka 18; zamani msichana aliruhusiwa na miaka 15. Na bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afungue kesi au afanye mapatano ya mali, kama ilivyokuwa katika sheria ya 1987.

Ndoa iliyofungwa katika familia iandikishwe kwa ofisa wa serikali, pale "etasivili". Msiache! Karatasi hiyo ndiyo inayomfanya mjane ajulikane kuwa mjane. Mwenye ndoa ya sheria ana sehemu katika urizi wa bwana pamoja na wazazi na ndugu za bwana, baada ya watoto kupewa sehemu yao iliyo kubwa, na ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba yao. Aliyekaa "yaka tofanda" hana pa kushika.

TUFANYE NINI?

Wazazi, msikatae mahari, lakini rudisheni maana yake. Itajeni kwa kipimo cha kijana anayefanya kazi kwa jasho lake, na mwache ilipwe polepole. Biblia inatuonyesha Yakobo aliyetumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, na mingine saba kwa sababu mkwe wake Labani alimdanganya. Tunampenda Yakobo katika hadisi hiyo. Kwa nini nyumbani tunachagua kuwa Labani?

Tena kuna Ruta, mjane, mgeni, maskini, aliyeokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi tajiri hakuuliza ana mali gani. Alikuwa amesikia namna alivyomtunza mama mkwe wake. Hiyo ndiyo kuuliza kwa kweli: mtu huyu anawatendeaje wale wasioweza kumlipa?

Vijana, msione haya kuanza na kidogo. Nendeni kwa wazee na ulichonacho, pamoja na mtu mzima wa jumuiya au katekista, mkaombe. Mzee mgumu mara nyingi analainika akiona kijana amekuja mara tatu bila kiburi. Na ninyi wasichana, mwenye kuleta vyote kwa siku moja mumuulize zaidi, si pungufu.

Parokia na jumuiya nazo zina kazi. Pale misioni ya zamani, mtoto asiye na ukoo alipata Kanisa kuwa ukoo wake. Leo tuna yatima wa vita, wakimbizi, vijana wa mgodini walioacha kwao wakiwa wadogo. Nani atasimama nao siku ya kuposa? Jumuiya inaweza kutuma wazee wake wawili. Inaweza pia kupanga ndoa za pamoja kwa wale waliokaa miaka mingi, siku moja, wimbo mmoja, sufuria moja ya wali, ili hakuna anayesema alikosa baraka kwa sababu alikosa feza za sikukuu.

Sultani yule wa Wabende alikuwa na sababu zote za kukataa. Kijana hakuwa na ukoo wala zizi. Lakini alikuwa na dawa mkononi, na watu waliomjia usiku na mgonjwa hawakumkuta amefunga mlango. Kijana wa namna hiyo akibisha kwako kesho, baba, utamwonyesha fakitire kwanza, ama utamkaribisha kiti?

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia yetu, tunauliza nini kwanza kijana akija kuposa? Tungepaswa kuuliza nini?

2. Mahari ya bibi na mama zetu ilikuwa nini? Ilitolewa namna gani? Tuwaulize wazee wakiwa bado wapo.

3. Kati yetu kuna watu wangapi wanaoishi "yaka tofanda"? Ni nini inawazuia, na tunaweza kusaidia wapi?

4. Ndoa yetu sisi wenyewe, imeandikwa kwenye etasivili? Karatasi iko wapi?